Bastola Inakukwamia Mkononi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nayasikia karibu kila Jumamosi kutoka kwa watu wanaokuja kulenga shabaha hapa Dar es Salaam: wafanyabiashara wenye leseni, walinzi, wastaafu wa vyombo vya ulinzi. Mengi yanaanza na sentensi moja, "Mwalimu, bastola yangu mbovu." Mara nyingi si mbovu.

Tunazungumzia bastola za magazini, zile ambazo slaidi yake, yaani kile kipande kirefu cha juu, hurudi nyuma kila risasi inapotoka. Rivolva ina swali lake huko chini. Majaribio yote ya kupiga risasi yaliyotajwa hapa yafanyike kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, msimamizi akiwepo, kwa silaha unayoimiliki kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

## Mambo ya msingi

Bastola imenikwamia mara tatu leo. Ni mbovu, au ni mimi?

Mpe mwenzako mwenye uzoefu apige magazini mbili. Bastola ileile, risasi zilezile, magazini zilezile. Kinachobadilika ni mkono tu. Zikitoka zote bila shida, jibu umelipata hata kama halikupendezi. Ikimkwamia na yeye, ruka moja kwa moja hadi swali la "Ni lini nisiulaumu mkono?"

Mfanyabiashara mmoja alinijia akiwa ameshaipeleka yake kwa fundi mara mbili. Magazini mpya imenunuliwa, hela imekwenda, tatizo lipo palepale. Nikapiga kumi, zikatoka kumi. Nikamrudishia, nikasimama kando yake nikiangalia maganda badala ya shabaha. Yangu yalikuwa yakiruka kulia hatua mbili tatu. Yake yalimdondokea mkononi taratibu kama maembe yaliyoiva, na moja likaingia mfuko wa shati. La nne likabaki limesimama mlangoni, pale maganda yanapotokea, limebanwa na slaidi. Kila risasi ilipotoka kifundo chake cha mkono kilikunjika juu, halafu yeye mwenyewe akawa anafumba macho.

Chuma ni chuma. Mkono unaingiaje hapo?

Risasi ya milimita 9 ina uzito wa gramu 7 na nusu au 8 hivi, na hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 350 hivi kwa sekunde. Inapokwenda mbele, slaidi inasukumwa nyuma. Ndilo teke unalolisikia. Katika safari hiyo ya kurudi nyuma slaidi inachomoa ganda kwenye chemba, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu, inalitupa nje, inakoki, na inaibana springi. Springi ikifunguka, slaidi inarudi mbele na risasi mpya. Yote hayo huisha kabla hata ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Slaidi hiyo inasafiri juu ya fremu, yaani sehemu uliyoishika. Fremu ikitulia, slaidi inamaliza safari yake yote. Fremu nayo ikiondoka kwenda nyuma pamoja na slaidi, safari inakuwa fupi, kwa sababu nguvu iliyotakiwa kubana springi imeishia kuusukuma mkono wako. Waulize mafundi samani wa Keko: ubao usioshikiliwa hauingii msumari, nyundo inadunda tu. Mkono wako ndio unaoushikilia ubao.

"Mkono legevu" ni nini hasa?

Ni kifundo cha mkono kinachokunjika bastola inapopiga teke. Watu husikia "legevu" wakadhani ni upungufu wa nguvu za vidole, wakaenda kununua zile springi za kuminya. Unaweza kuwa na vidole vya mbeba mizigo wa Kariakoo na bado kifundo kikawa kama bawaba ya mlango. Nimewaona wanaume wenye miraba minne bastola ikiwagomea kila risasi ya tatu.

Ulegevu unaanza kwenye kifundo, lakini kiwiko kilichokunjwa sana na mwili ulioegemea nyuma huongeza. Anayeogopa mlio huegemea nyuma bila kujijua.

Mbona SMG niliyopigia JKT haikuwahi kunifanyia hivi?

Swali zuri, na ndilo linalowapotosha wengi waliopita mafunzoni. SMG, yaani bunduki ya aina ya AK-47, inaendeshwa na gesi. Mtutu wake una tundu dogo. Gesi ya baruti inapita hapo na kusukuma pistoni, na pistoni ndiyo inayofanya kazi ya kurudisha nyuma. Ongeza uzito wake wa kilo tatu na ushee, na kitako kilichotulia begani. Utaishika ovyo na bado itapiga, ingawa shabaha hutaiona. Bastola haina bega la kuegemea, ina kiganja chako tu.

Kwa nini bastola mpya ya plastiki inanigomea na ile ya zamani ya baba haigomi?

Uzito. M1911 aliyoibuni John Browning ni ya chuma mwanzo hadi mwisho na inazidi kilo 1. Fremu yake ni nzito kiasi cha kujituliza yenyewe. Glock 17, iliyochukuliwa na jeshi la Austria mwaka 1982, ina fremu ya plastiki ngumu na haifiki gramu 700 ikiwa bila magazini. Fremu nyepesi inasukumika kirahisi, kwa hiyo inautegemea mkono zaidi. Hilo halimaanishi ni mbovu. Majeshi na polisi wa nchi nyingi wanaibeba.

Magazini inavyopungua risasi, bastola nayo inazidi kuwa nyepesi. Risasi moja nzima ya milimita 9, na ganda lake, ina kama gramu 12. Piga hesabu ya risasi kumi na tano zilizokwishatoka. Ndiyo maana kuna wanaokwamiwa na zile za mwisho mwisho tu.

## Kusoma dalili

Ganda limesimama mlangoni, limebanwa na slaidi. Maana yake?

Slaidi ilirudi nyuma, lakini haikufika mwisho au haikuwa na kasi ya kulitupa ganda kabla haijaanza kurudi mbele. Mtuhumiwa wa kwanza ni mkono legevu. Wa pili ni dole gumba linalogusa slaidi ubavuni: slaidi inaburuza juu ya ngozi na kupoteza kasi. Angalia dole lako baada ya magazini moja. Likiwa na alama nyeusi ya masizi au mchubuko mwembamba, umeshapata ushahidi.

Risasi zimeisha, slaidi haikubaki nyuma. Inakuwaje?

Kuna mambo mawili yanayofanana kwa nje. Ubavuni mwa bastola kuna kidude, kizuizi cha slaidi, ambacho magazini tupu hukisukuma juu ili slaidi ikwame nyuma. Ukikilalia kwa dole gumba, hakipandi. Au slaidi haikufika nyuma ya kutosha kukutana nacho, na hapo tunarudi kwenye mkono legevu.

Maganda ndiyo yanayotenganisha. Yakiruka mbali kwa nguvu, ni dole. Yakidondoka karibu na miguu, ni kifundo. Wapigaji wengi wazuri wana kosa hili la dole, kwa sababu mshiko wa kisasa wa madole yote mawili kuelekea mbele unayaweka juu kabisa ya kidude hicho. Shusha dole la juu kidogo, au liache lielee bila kugusa.

Mimi ni kinyume: slaidi inabaki nyuma na risasi bado zimo.

Ni kidude kilekile, safari hii unakisukuma juu. Teke linaporusha bastola, kifundo cha dole la mkono wa kushoto kinakigonga kwa chini. Hutokea zaidi kwa wenye mikono mikubwa wanaoshika bastola ndogo.

Magazini inadondoka yenyewe katikati ya kupiga.

Kitufe cha kuachia magazini kipo nyuma kidogo ya triga, kushoto kwa bastola nyingi. Anayetumia mkono wa kulia hukigonga kwa dole gumba. Anayetumia mkono wa kushoto hukibonyeza kwa kidole cha kati au cha shahada kila anapokaza. Wakati mwingine magazini haidondoki kabisa, inashuka milimita chache tu, na slaidi inapita juu ya risasi bila kuiokota. Unavuta triga, unasikia "ta!", chemba tupu.

Makarov imelikwepa tatizo hili, kwa sababu kishikizo cha magazini yake kiko chini kabisa ya kitako. Ukizoea hiyo halafu ukahamia bastola ya kitufe, tegemea kuokota magazini chini mara mbili tatu.

Navuta triga, hakuna kitu. Wala haikukwama.

Kwanza subiri, tazama swali la "Ikikwama nifanye nini?" kabla hujaanza kuchungulia. Ukishaiweka salama, mambo manne yanayohusu mkono ni haya. Huenda sefti, yaani kifungo cha usalama, imepandishwa na dole bila wewe kujua. Kwa M1911 na jamaa zake kuna sefti ya pili nyuma ya mpini ambayo lazima ibonyezwe na kiganja; ukipandisha madole juu sana, kiganja kinaachana nayo na bastola haipigi kamwe. Huenda slaidi haikufunga sawasawa kwa sababu dole liliiburuza ikirudi mbele, na pengo la milimita moja linatosha kuikataza kupiga. Au kidole chako hakikuiachia triga irudi mbele mpaka isikike "tiki", kwa hiyo haikujiandaa upya. Hili la mwisho ni ugonjwa wa wenye haraka.

Nikikoki ya Beretta, sefti inashuka yenyewe.

Haishuki yenyewe. Kwenye familia ya Beretta 92 aina ya FS, sefti iko juu ya slaidi badala ya fremu, na ukiikamata slaidi kwa juu kwa mkono mzima, vidole vinaisukuma chini. Baada ya kukoki, ifanye iwe desturi kuipandisha kwa dole gumba.

## Kushika

Basi nishike vipi?

Panda juu. Ule utando kati ya dole gumba na kidole cha shahada uingie mpaka mwisho kwenye mbonyeo ulio nyuma ya mpini, chini tu ya slaidi. Mshiko wa chini unaipa bastola nafasi ya kukunjika. Mtutu ulale sambamba na mfupa wa mkono wako kadiri mpini unavyoruhusu.

Mkono wa pili ujaze sehemu ya mpini iliyobaki wazi. Kiganja kiguse plastiki au mbao za mpini, si migongo ya vidole vya mkono wa kwanza, halafu kifundo chake kikunjwe kwenda mbele na kufungwa hapo. Kifundo cha mkono wa pili kilichofungwa ndicho kinachoponya wengi. Madole yote mawili yawe upande mmoja, yakiangalia mbele.

Mambo mawili nayakataza kabisa. Kuukinga mkono wa kushoto chini ya kitako kama sahani ya kikombe cha chai: hauzuii chochote, na kwa bastola nyingine unaisukuma magazini juu. Na kulipitisha dole la kushoto nyuma ya slaidi, walivyozoea wa rivolva. Slaidi ikirudi italichana, na hutahitaji kuambiwa mara ya pili.

Nikaze kiasi gani?

Kaza mpaka mikono ianze kutetemeka, kisha legeza kidogo mpaka itulie. Mkono wa pili ukaze zaidi kuliko ule wenye kidole cha triga, maana ukiukaza sana mkono wa triga, kidole nacho kinakuwa kizito na risasi zinakwenda chini kushoto.

Ila naona afadhali mtu asahau habari ya kukaza vidole na afikirie kufunga kifundo. Nyumbani, bastola ikiwa tupu na risasi zikiwa zimefungiwa chumba kingine kabisa, ishike ukilenga ukutani, na mwenzako aibonyeze slaidi taratibu kwenda nyuma kwa ncha za vidole, akisimama ubavuni na kamwe si mbele ya mtutu. Ukiona mtutu unapanda kabla slaidi haijasogea, umeonyeshwa ugonjwa wako bila kutumia risasi hata moja.

Mimi ni mwanamke, naambiwa mikono yangu ni laini mno kwa bastola.

Dada yangu, anayekwambia hivyo mwombe apige kwanza tuone maganda yake. Kinachohitajika ni kifundo kilichonyooka, na hilo halina jinsia. Tatizo la kweli kwa mikono midogo ni lingine: mpini mnene unamlazimisha mtu kuuzungusha mkono ili kidole kifike kwenye triga, na hapo mtutu hauko tena sambamba na mfupa. Teke linakuja pembeni, kifundo kinapinda. Dawa ni bastola yenye mpini mwembamba au yenye migongo ya mpini inayobadilishwa. Usikubali kuuziwa ile ndogo kuliko zote eti kwa sababu ni "ya kike." Sababu iko kwenye swali la bastola za mfukoni.

Jasho la Dar linachangia?

Sana, hasa Januari na Februari kabla ya masika. Kiganja kilicholowa kinateleza kidogo kila risasi, na kufikia ya saba unashika mahali tofauti na ulipoanza. Weka kitambaa kikavu mfuko wa nyuma, futa mkono na mpini kila unapobadilisha magazini. Wengine hupaka chaki ya wanyanyua vyuma. Inasaidia, ila vumbi lake lisiingie ndani.

Jasho lina chumvi, na hewa yetu ya pwani inayo ya kwake. Bastola inayobebwa kiunoni kutwa nzima kutoka Mbagala hadi Posta ifutwe kila jioni na kupakwa mafuta kiasi. Kutu kwenye njia za slaidi inamfanya hata mwenye mkono mzuri aonekane legevu.

Mkono mmoja je?

Hapo ndipo ukweli hujulikana. Weka risasi moja tu kwenye magazini, ipeleke chemba, magazini tupu ibaki ndani, piga. Slaidi inatakiwa ibaki nyuma. Rudia mara tano kwa mikono miwili, tano kwa wa kulia, tano kwa wa kushoto. Wengi wanafaulu mbili za kwanza na kuanguka ya tatu. Ukianguka, si aibu. Umejua mazoezi yako yaende wapi.

## Mengineyo

Bastola ndogo za mfukoni zinasamehe zaidi?

Zinasamehe kidogo kuliko zote. Fremu nyepesi, slaidi fupi yenye safari fupi, springi ngumu, na mpini ambao kidole kidogo kinakosa mahali pa kukaa. Makosa yote ya juu yanakuja kwa pamoja. Nawashangaa wauzaji wanaompa mgeni kabisa bastola ya namna hii kama ya kuanzia.

Rivolva haina shida hizi?

Haina slaidi, kwa hiyo mkono legevu hauigomeshi. Ina za kwake. Ukiiachia triga nusu safari kisha ukaivuta tena, silinda inaweza kuzunguka na kuruka risasi. Na usipeleke dole mbele karibu na pengo kati ya silinda na mtutu. Gesi inayotoka hapo ni moto na inachana ngozi.

Ikikwama nifanye nini?

Mtutu ubaki kwenye shabaha, kidole nje ya triga. Usigeuke kumwonyesha msimamizi. Inua mkono wa pili, atakuja. Kumgeukia mtu na bastola iliyokwama ndilo kosa ninalopigia kelele kuliko yote.

Ulipovuta triga na haikulia, hesabu sekunde 30 bila kuishusha, kwa sababu baruti inaweza kuchelewa kushika. Ganda likiwa limesimama mlangoni, gonga kitako cha magazini, vuta slaidi nyuma kwa nguvu na uiachie, bila kuuziba mlango wa maganda kwa kiganja. Risasi mbili zikiwa zimebanana ndani, toa magazini, koki mara tatu, chungulia chemba, anza upya.

Ukisikia mlio dhaifu, "puff" badala ya "pa!", acha kabisa. Risasi inaweza kuwa imebaki ndani ya mtutu, na ukipiga nyingine nyuma yake mtutu unapasuka. Hiyo haihusiani na mkono.

Ni lini nisiulaumu mkono?

Ikimkwamia kila mtu. Ikikwama na magazini moja tu kati ya tatu: zitie alama kwa namba, utaikamata. Ikianza ghafla baada ya kufungua boksi jipya la risasi, au risasi zilizolala miaka kwenye kabati lenye unyevu. Ganda likibaki ndani ya chemba bila kuchomolewa, angalia ndoano ya kuchomolea, na chemba chafu. Halafu kuna ya katikati: risasi dhaifu ambazo mkono imara unazivumilia na mkono legevu hauzivumilii. Hapo wote wawili wana kosa, na ni rahisi zaidi kurekebisha mkono.

Nimeambiwa nikate springi ili slaidi iende kirahisi. Nikubali?

Usikubali. Ni kweli springi laini inamvumilia kidogo mwenye mkono legevu, na ndiyo maana ushauri huo hauishi. Lakini springi hiyohiyo ndiyo inayoirudisha slaidi mbele kuokota risasi na kufunga chemba, na ndiyo inayoizuia isiigonge fremu. Kazi ya silaha apewe fundi mwenye leseni, naye aweke springi ya kiwandani.

Niliwahi kufungua bastola ya mteja nikakuta springi imekatwa duru mbili kwa msumeno wa chuma. Ncha iliyokatwa ilikuwa imechimba mfereji ndani ya fremu, na vumbi la plastiki nyeusi limegandamana na mafuta. Ilikuwa bado inamkwamia.